Majina ya Chupa na Haya ya Walimu

Imezuka miongoni mwa walimu wa Kiswahili tabia ambayo hatuna budi kuipinga kwa maneno yaliyo wazi. Lugha inapokuwa darasani, huisifu. Inapotajwa bungeni, huipigia makofi. Lakini inapotoka na kwenda kuketi katika kilabu cha pombe pamoja na dereva, mchukuzi, fundi na mchuuzi, walimu hao hao huipa kisogo kana kwamba hawajapata kujuana nayo. Makala haya yanahusu kisogo hicho. Nayo yamechagua kwa makusudi jambo ambalo wengi wataliona kuwa dogo na la aibu, yaani majina ambayo watu wa Kigali, na jirani zao wa mashariki na wa magharibi, huzipa chupa na makopo ya vinywaji, hasa bia, kwa kadiri ya ukubwa wake.

Tuseme mapema, ili asitokee wa kutusingizia: hatumsifu mlevi, wala hatumwaliki mwanafunzi kunywa. Tunalolidai ni kwamba jina la chombo ni mali ya lugha kabla halijawa mali ya mnywaji, na kwamba mwalimu wa Kigali alikimbiaye jina hilo anakimbia mojawapo ya masomo bora ya sarufi ambayo mji wake umempa bure.

Hoja tunazokabiliana nazo ni tatu. Ya kwanza husema kwamba mambo ya pombe hayana heshima, kwa hiyo hayastahili darasa wala jarida. Ya pili husema kwamba majina hayo ni ya mitaani, si Kiswahili sanifu. Ya tatu husema kwamba ni maneno ya kupita, leo yapo na kesho hayapo, hivyo kuyashughulikia ni kupoteza wakati. Tutazijibu moja moja. Lakini kabla ya kuzijibu, yafaa tuyaweke mezani mambo yenyewe, maana wengi wa wanaoyadharau hawajapata kuyatazama.

Kiwanda cha Bralirwa kilianzishwa mwaka 1957 huko Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, mji ambao leo umo katika Wilaya ya Rubavu. Bia yake ya Primus imezoeleka kwa chupa kubwa ya sentilita 72 na nyingine ya sentilita 50. Ndugu yake Mützig, iliyopewa jina la mji mdogo wa Alsace nchini Ufaransa, imezoeleka kwa chupa ya sentilita 65 na ya 33. Hizo ndizo tarakimu za karatasi ya chupa. Lakini hakuna mtu anayeketi kitako Nyamirambo au Remera akaagiza kwa tarakimu. Mhudumu huuliza kwa Kinyarwanda maswali mawili tu: nini au ntoya? Ikonje au ishyushye? Maana yake ni: kubwa au ndogo, ya baridi au isiyotiwa barafuni?

Hapo ndipo somo la kwanza linapoanza. Mtu wa Ngara au wa Mwanza aliyevuka mpaka wa Rusumo jioni hiyo, naye hana Kinyarwanda, akiulizwa "Primus nini?" atadhani mhudumu hajasikia vizuri, kwa sababu katika Kiswahili "nini" ni neno la kuuliza. Atarudia kwa sauti zaidi: "Primus!" Mhudumu naye ataleta kubwa, akiamini kwamba mgeni ameitikia. Hakuna aliyekosea. Lugha mbili zilizo ndugu zimetumia sauti moja kwa kazi mbili. Je, ni kitabu gani cha shule kinachomtahadharisha mwanafunzi wa Kigali juu ya jambo hili analokutana nalo kila siku?

Somo la pili ni zito zaidi. Kinyarwanda huita chupa "icupa", na wingi wake ni "amacupa". Mnyarwanda akitaka kuidogosha atasema "agacupa", na zikiwa nyingi, "uducupa". Akitaka kuikuza, tena mara nyingi kwa dharau kidogo, atasema "igicupa". Sasa tutazame upande wetu. Kiswahili sanifu husema "chupa" katika umoja na wingi, yaani chupa hii, chupa hizi. Tukitaka kuidogosha tunasema "kichupa", na wingi "vichupa". Tukitaka kuikuza tunasema "jichupa". Msomaji mwangalifu ameshaiona hatari: kiambishi kilekile cha ki-, ambacho kwa Mswahili hupunguza, kwa Mnyarwanda huongeza. Mwanafunzi wa Kigali anapoambiwa kwa mara ya kwanza "lete kichupa", sikio lake la nyumbani humwambia kwamba ametumwa jitu la chupa. Ndiyo maana wengi wao huikwepa ki- ya kudogosha kwa miaka, bila wao wenyewe kujua sababu, na badala yake hushika ka-: kachupa, kakikombe, katoto.

Tumeyaona madaftari. Tumeona "kachupa" limepigwa mstari mwekundu na pembeni pameandikwa "kosa", pasipo neno lingine. Lakini twendeni Goma au Bukavu, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wetu: kachupa na tuchupa ni maneno ya kila kinywa. Twendeni Nairobi: ununuzi wa vipimo vidogo vidogo, sukari ya kikombe kimoja na mafuta ya kupikia ya kibandiko kimoja, umepata jina la uchumi wa kadogo, na jina hilo limeandikwa magazetini na kusemwa na wataalamu wa biashara. Hata Dar es Salaam ka- husikika kila siku, ama kwa mapenzi ama kwa dharau. Basi neno linaloeleweka toka Bukavu hadi Pwani limekatwa alama mjini Kigali, na aliyelikata hakumweleza mtoto kwamba sanifu hupendelea kichupa katika maandishi, wala kwamba ki- ya Kiswahili ni kinyume cha iki- ya mama yake. Huko si kusahihisha. Ni kufunga mlango na kumwacha mtoto nje.

Kuna na jambo la tatu, ambalo ni zuri kuliko yote. Primus ya Rwanda ina jina la utani: Gahuzamiryango. Tafsiri yake ni "kinachounganisha jamaa", kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka katika mahari, harusi na upatanisho wa familia. Angalieni mwanzo wa jina hilo. Ile ga- ni ka- ya kudogosha iliyogeuka sauti. Bia ya chupa ya sentilita 72 imepewa kiambishi cha kitu kidogo! Hapa mwalimu ana mfano ulio hai wa kanuni ambayo vitabu huieleza kwa sentensi kavu, kwamba kudogosha si suala la kimo pekee, bali ni suala la moyo pia. Mtu humwita mama yake mzee aliyemzidi kimo "kamama kangu", wala hasemi habari za urefu.

Tukitoka Rwanda, soko la majina ni kubwa vilevile. Nchini Tanzania chupa bapa ya pombe kali, ile inayoingia mfukoni, imeitwa kwa umbo lake: bapa. Kimfuko cha plastiki cha pombe hiyo kiliitwa kiroba, neno ambalo asili yake ni gunia dogo. Nchini Kenya chupa ya mililita 750 ya pombe kali huitwa mzinga, neno ambalo kwa wazee wetu ni mzinga wa nyuki au mzinga wa vita. Kopo la bia la Dar es Salaam huwa mkebe Nairobi. Kreti ya huko, ikifika kwetu, huwa "kaziye", kutoka Kifaransa. Na vinywaji baridi vyote, viwe vyeusi, vyekundu au vyeupe, kwa Mnyarwanda ni "fanta", ilhali Mtanzania husema "soda". Mnyarwanda akiomba fanta Dar es Salaam ataletewa ya rangi ya machungwa, hata kama kiu yake ilikuwa ya nyingine.

Sasa tuzijibu hoja.

Hoja ya heshima. Wanaotuambia kwamba pombe haina nafasi darasani wamesahau wanayoyafundisha. Ni mwalimu gani wa Kiswahili asiyepata kuandika ubaoni "mgema akisifiwa tembo hulitia maji"? Mgema ni nani, kama si mtengenezaji wa pombe ya mnazi? Na tembo hilo ni nini? Methali hiyo imefundishwa na Waislamu na Wakristo, katika shule za serikali na za dini, na hatujasikia mtoto aliyelewa kwa kuisoma. Imefundishwa kwa sababu ndani yake mna akili ya watu. Basi kama tembo la mgema lina akili, chupa ya muuza bia haiwezi kuwa haina.

Hata hivyo, hatutaki kuwadharau wale ambao kwao pombe ni haramu. Kiswahili mjini Kigali kina deni kwa Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, ambao walikitunza wakati wengi walipokicheka. Mwalimu wa mtaa huo, au mwalimu wa watoto wadogo mahali popote, anaweza kulifundisha somo hili lote kwa chupa za maji na za soda. Anaweza pia kulifundisha kwa vyombo vya maziwa: icyansi na inkongoro kwa Kinyarwanda, kibuyu, kata na mtungi kwa Kiswahili. Kanuni ya ki- na ka- haibadiliki kwa sababu ya kilichomo ndani ya chombo. Tunachokipinga si staha, bali uvivu unaojifunika nguo ya staha.

Tena tuseme neno moja kwa wanaopiga vita ulevi, nao wana haki ya kuupiga. Mwaka 2023 nchini Rwanda kulizinduliwa kampeni ya kuwahimiza watu wapunguze kunywa, iliyopewa jina la Tunywe Less. Sasa fikirini: mtu akimwambia mganga, "Jana nilikunywa chupa mbili tu," amesema nini? Kama ni chupa ndogo za Mützig, amekunywa sentilita 66. Kama ni chupa kubwa za Primus, amekunywa sentilita 144, yaani karibu lita moja na nusu. Chupa moja kubwa ya Primus inazidi chupa mbili ndogo za Mützig. Neno "chupa" peke yake, katika mji huu, si kipimo. Asiyejua majina ya ukubwa hawezi hata kumwonya mnywaji kwa usahihi. Anayetaka watu wanywe kidogo na aanze kwa kujua kidogo hicho kinaitwaje.

Hoja ya usanifu. Hii ndiyo ngome kubwa ya wapinzani wetu, nayo yahitaji kubomolewa kwa subira. Husemwa kwamba usanifu ni ule uliotokana na kazi iliyoanza mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki, na lahaja ya Kiunguja ikawa msingi wake. Ni kweli, na tunauheshimu usanifu huo, maana pasipo huo jarida hili lisingesomeka Mombasa na Kigali kwa pamoja. Lakini Kiunguja chenyewe kilikuwa nini? Kilikuwa lugha ya bandari, ya forodha, ya wapagazi na wachuuzi. Vipimo tunavyovitaja leo kwa sauti ya heshima vilizaliwa sokoni: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Hakuna kamati iliyokaa ikavitunga. Mchuuzi wa nafaka alikuwa na chombo mkononi, akakipa jina, na jina likapita kutoka duka hadi duka.

Chukueni neno "debe". Asili yake ni Uhindi, na kwetu lilikuja na bati la mafuta ya taa la galoni nne, yapata lita 18. Mafuta yalipokwisha, bati lilibaki, likawa chombo cha kutekea maji, kisha kipimo cha mahindi na maharagwe kwa Afrika Mashariki nzima. Baadaye likapanda cheo: leo Mkenya husema kura zimeingia debeni, na mwanasiasa humpigia debe mwenzake. Bati tupu la mafuta ya taa limeingia katika katiba ya mazungumzo yetu ya kisiasa, na hakuna mwalimu anayelipiga mstari mwekundu. Tofauti ya debe na bapa ni nini basi, ila umri?

Na pale dola inapotaka kueleweka, huacha kiburi chake. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki kuanzia tarehe 1 Machi 2017, neno lililotumiwa na viongozi, magazeti na redio lilikuwa "viroba". Hawakutafuta jina la kitaalamu. Walitaka amri imfikie muuzaji wa kibandani siku hiyo hiyo, wakachukua neno la kibandani. Ikiwa serikali imeona neno la mtaa linafaa kubeba amri, mwalimu anaona halifai kubeba mfano wa sarufi?

Wala tusidhani kwamba mataifa tunayoyaiga ni masafi kuliko sisi katika jambo hili. Wafaransa, ambao lugha yao bado huheshimiwa sana Kigali, huita chupa ya lita 3 ya mvinyo wa Champagne kwa jina la Yeroboamu, mfalme wa Israeli. Ya lita 6 huiita Methusela. Ya lita 15, Nebukadneza. Majina ya Biblia yamebandikwa chupani, na kamusi zao zimeyaandika pasipo kuona haya. Mfaransa huyo huyo akiagiza bia husema "demi", maana yake nusu, akaletewa sentilita 25, ambazo ni robo ya lita. Na hakuna anayemwambia kwamba amekosa hesabu. Mhispania huita chupa ya sentilita 33 "tercio", yaani theluthi, na ya sentilita 20 "quinto", yaani sehemu ya tano. Watu wa Meksiko wana chupa ya mililita 940 wanayoiita "caguama", ambalo ni jina la kasa wa baharini. Kasa! Mgeni akijifunza Kihispania cha Meksiko hufundishwa neno hilo kwa furaha, kama pambo la nchi. Mgeni akijifunza Kiswahili cha Kigali huambiwa: hayo acha, si lugha. Dharau hii hatukuletewa na mtu. Tunaipika jikoni mwetu wenyewe.

Hoja ya maneno ya kupita. Hapa tunakubali nusu ya neno. Ndiyo, mengi ya majina haya yatapita. Kiwanda kikibadili chupa, jina hufa. Dola ikipiga marufuku kifuko, jina lake hubaki kinywani mwa wakubwa tu. Mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa baada ya mwaka 2017 hajapata kuona viroba vikiuzwa kihalali. Lakini hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho wake, inatuunga mkono sisi. Kitu kinachopita ndicho kinachohitaji kuandikwa upesi. Kibaba hakipimi tena mchele katika maduka mengi, na lau kisingeandikwa, "haba na haba hujaza kibaba" ingekuwa leo fumbo lisilo na mfumbuzi. Vivyo hivyo, msomaji wa miaka hamsini ijayo atakutana na kiroba, bapa na mzinga katika riwaya na magazeti ya siku zetu. Atamwuliza nani, ikiwa walimu wa siku hizo walikuwa na haya?

Baada ya kuzijibu hoja hizo, tunafika penye kiini, maana ugomvi huu si wa chupa peke yake.

Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Februari 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Sote tulishangilia. Lakini sheria haiwezi kuondoa dharau iliyokaa masikioni kwa vizazi. Katika Kinyarwanda cha mazungumzo, kumwita mtu "umuswahili" kumekuwa na harufu ya kumwita mjanja, mpiga domo, mtu asiyeaminika. Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya kambini, ya sokoni na ya mtaa mmoja wa mji. Sasa mwalimu amekuja na kitabu kipya, na jambo la kwanza analomfundisha mtoto ni kwamba Kiswahili ambacho mtoto huyo hukisikia kwa kaka yake dereva, kwa shangazi yake anayeuza Rubavu, kwa mhudumu wa kilabu cha jirani, si Kiswahili. Mtoto atafanya nini? Atavigawa viwili: cha mtihani, ambacho hakina mtu, na cha watu, ambacho hakina heshima. Akishafaulu mtihani atakiacha cha kwanza, na cha pili atakionea haya. Hivyo ndivyo lugha rasmi inavyoweza kufia katika cheti.

Kuna pia hasara ya mfukoni. Kaziye ya Primus kubwa huchukua chupa 12 za sentilita 72, ambazo jumla yake ni lita 8 na sentilita 64. Kreti iliyozoeleka Kenya huchukua chupa 25 za nusu lita, ambazo ni lita 12 na nusu. Mchuuzi aliyefundishwa kwamba "kreti" na "kaziye" ni neno moja kwa lugha mbili, akaweka bei ya moja kwa kipimo cha nyingine, atapotea kwa karibu lita 4 katika kila sanduku. Zaidi ya hayo, karatasi za chupa za kwetu huandikwa kwa sentilita, kwa desturi ya Kifaransa na Kibelgiji, na za mashariki kwa mililita. Anayesoma 50 upande mmoja na 500 upande mwingine, naye hajafundishwa kwamba ni kitu kimoja, hajafundishwa Kiswahili cha biashara, hata kama anaweza kukariri ngeli zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Basi tunapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha.

La kwanza, kila mwalimu na alete darasani chupa tupu zilizooshwa, za ukubwa mbalimbali, za maji au za soda. Aandike ubaoni safu tatu: Kigali, Goma, Dar es Salaam. Wanafunzi wazitaje chupa hizo kama zinavyotajwa katika kila mji, kisha watafute kanuni: wapi ki- hupunguza, wapi huongeza, wapi ka- ni mapenzi na wapi ni dharau. Somo la saa moja la namna hiyo litawafaa kuliko majuma mawili ya kukariri orodha ya udogo na ukubwa.

La pili, kalamu nyekundu ibadili neno lake. Mahali pa "kosa" paandikwe "mahali". Mwanafunzi aliyeandika "kachupa" katika barua ya kazi aambiwe: hili ni la mazungumzo, hapa tumia kichupa au chupa ndogo. Aliyeandika "machupa mawili" aambiwe: hiyo ni amacupa ya nyumbani, jirani zako wa Kongo watakuelewa, lakini sanifu husema chupa mbili. Hapo mtoto atakuwa amejua mambo mawili badala ya kunyang'anywa moja. Usanifu hautapungua hata chembe. Utakuwa umepata jirani.

La tatu, tuyakusanye majina haya na kuyachapisha katika kurasa hizi. Mabaraza na taasisi za Kiswahili zina kazi nyingi, na wachunguzi wao hawawezi kuketi katika kila kilabu kuanzia Kimironko hadi Kisumu. Walimu wamo katika kila mji. Kila mwanachama na atuletee majina kumi, kwa utaratibu huu: jina lenyewe, chombo chenyewe, ujazo wake kwa sentilita, mji unakotumika, watu wanaolitumia, na mwaka lilipopatikana. Lisiandikwe jina ambalo mwandishi hakulisikia kwa masikio yake, wala lisipambwe ili lichekeshe. Orodha ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha.

Twajua watakaosema kwamba tumeishusha hadhi ya jarida hili. Tunawajibu kwamba hadhi ya lugha haikai katika mambo inayokataa kuyataja. Inakaa katika uwezo wake wa kutaja kila kilichopo mbele ya watu wake, kuanzia kitabu kitakatifu hadi kizibo cha chupa, na kila kimoja kwa jina lake linalokifaa. Lugha isiyoweza kuagiza kinywaji Nyamirambo bila kutafsiriwa haiwezi kujidai kwamba inatawala Afrika Mashariki.

Kurasa za toleo lijalo zimetengwa kwa ajili ya orodha hiyo. Tunangoja barua zenu.